Mlima Mtakatifu Ukutani: Pambo au Heshima?

Liko swali ambalo mara ya kwanza laonekana kuwa dogo, lakini mtu akilifikiri vema huona kwamba linagusa mambo makubwa. Swali ni hili: kitu ambacho watu wengine wanakiheshimu kuwa kitakatifu, je, ni halali sisi kukitundika ukutani mwa nyumba yetu ili kuipamba tu? Na ikiwa ni halali, je, tunadaiwa neno lo lote na wale ambao kitu hicho ni chao?

Tusijibu kwa maneno ya hewani. Tuchukue mfano mmoja wa kweli na kuutazama pande zote. Nao ni zile nguo za Kijapani za kutundika ukutani, zenye sanamu ya Mlima Fuji. Zimeenea karibu dunia nzima. Zaonekana katika hoteli, katika maduka, katika vyumba vya wanafunzi wa Ulaya na Marekani: mlima wa rangi ya buluu, theluji kileleni, jua jekundu nyuma yake, na pengine mawimbi ya bahari au maua ya mcheri. Nyingine zimefumwa kwa hariri na mafundi hodari wa mji wa Kyoto, na bei yake ni ya matajiri. Nyingine zimechapwa na mashine juu ya nyuzi za kiwandani, na bei yake ni ya mwanafunzi. Wengi wanaozinunua hupenda rangi zake tu. Ukiwauliza habari za mlima wenyewe, hawana la kujibu.

Mlima wenyewe

Fuji ndio mlima mrefu kuliko yote ya Japani: una meta 3,776. Ni mlima wa moto. Mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1707, na majivu yake yaliruka mpaka mji wa Edo, ambao leo huitwa Tokyo, mwendo wa kilometa 100 hivi. Watu wa kale waliuogopa moto ule, wakajenga mahali pa sala chini ya mlima ili kuutuliza. Hata leo hekalu kubwa la Sengen lingaliko katika mji wa Fujinomiya, na nchi ya juu ya mlima, kuanzia kituo cha nane, karibu yote ni mali ya hekalu hilo. Wafuasi wa dini ya Shinto humheshimu hapo mungu wa kike aitwaye Konohanasakuya-hime.

Zamani mtu hakuupanda mlima huu kwa matembezi. Aliupanda kama mhaji. Kwanza alijitakasa kwa maji baridi, akavaa nguo nyeupe, akashika fimbo, akaenda juu akisali. Wakati wa utawala wa Edo watu wa kawaida, wafanya biashara na mafundi, walijiunga katika vyama vilivyoitwa Fuji-ko. Majirani walichanga pesa kidogo kidogo, na kila mwaka wachache wao walichaguliwa kwenda mlimani kwa niaba ya wote. Wanawake hawakuruhusiwa kufika kileleni mpaka mwaka 1872. Basi, kwa ajili ya wanawake, wazee na wagonjwa, vyama vile vilijenga vilima vidogo ndani ya mji, wakileta mawe ya Fuji wenyewe na kuyapanga juu. Kile cha kwanza kilimalizika mwaka 1779. Asiyeweza kupanda mlima mkubwa aliweza kupanda huo mdogo, na moyo wake ukatulia.

Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliuandika Mlima Fuji katika urithi wa dunia. Tazameni sababu yake: haukuandikwa kwa ajili ya miamba na theluji yake, bali kwa kuwa ni mahali patakatifu na chemchemi ya kazi za ufundi. Mambo hayo mawili yalitajwa pamoja, utakatifu na ufundi. Ndiyo sababu swali letu si la mchezo.

Nguo ilianzaje?

Hekalu la Fujinomiya linatunza hariri moja ya kale ya kutundika, iliyochorwa katika karne ya 16. Chini yaonekana bahari na pwani; katikati yaonekana mahekalu na watu wanaojiosha; juu yake wahaji wenye nguo nyeupe wanapanda katika mstari unaozunguka kama nyoka; na kileleni, penye vilele vitatu, wamekaa Mabuddha. Jua liko upande mmoja na mwezi upande wa pili. Hariri za namna hiyo zilikuwa kama mahubiri: zilimwonyesha njia mtu asiyewahi kuuona mlima, zikamvuta aje. Zilitundikwa, kisha zilikunjwa kama mkeka na kufunguliwa tena mahali pengine.

Baadaye, miaka 1830 na iliyofuata, mchoraji Hokusai alitoa mfululizo wake wa sanamu za Fuji, zilizochapwa kwa mbao juu ya karatasi. Ziliitwa sanamu thelathini na sita, lakini kwa kuwa watu walizipenda mno, aliongeza nyingine kumi, zikawa 46. Buluu ile tunayoiona mpaka leo katika nguo za ukutani imetoka huko. Nayo ilikuwa rangi mpya iliyobuniwa Ulaya, mjini Berlin. Ona jinsi mambo yanavyochanganyika: mlima wa Japani ulivaa rangi ya Ulaya, kisha ukarudi Ulaya kuwa pambo.

Hatimaye ulikuja utawala wa Meiji mwaka 1868. Mabwana wakubwa waliowapa mafundi kazi walipoteza vyeo vyao, na mafundi wakakosa wanunuzi. Basi wakageuka kuelekea nchi za mbali. Walitarizi mapazia ya hariri, wakakata na kutia rangi mahameli, wakachora juu yake milima na maji na ndege, wakayapeleka katika maonyesho makubwa ya Ulaya na Marekani. Fuji ikawa kama bendera ya pili ya nchi. Hapo tujue neno moja: Wajapani wenyewe ndio waliouza kwanza mlima wao kuwa pambo. Hakuna aliyewaibia.

Sauti tatu

Tukisha kujua hayo, tusikilize sauti tatu zinazobishana juu ya jambo hili.

Sauti ya kwanza yasema: “Ni kitambaa tu. Nimelipa pesa yangu. Nikitaka nitakitundika sebuleni, nikitaka nitafutia meza.” Sauti ya pili yasema: “Mkristu asikiguse kabisa. Ni mlima wa miungu. Ukiuingiza nyumbani umeingiza ibada ya watu wengine.” Sauti ya tatu yasema: “Nguo iliyofanywa kwa mkono wa fundi ni ya heshima, lakini ile ya mashine ni matusi, maana imegeuza kitu kitakatifu kuwa takataka ya soko.”

Kila sauti ina chembe ya ukweli. Tuzipime moja moja.

Yule wa kwanza asema ni kitambaa tu. Haya, tumpeleke Japani ile ile. Tangu miaka ya 1620 hivi mpaka miaka ya 1850, watawala wa nchi ile waliwatafuta wakristu kwa njia moja: waliweka chini sanamu ya Yezu au ya Bikira Maria, wakawaamuru watu waikanyage. Kwanza ilikuwa karatasi, baadaye mbao na shaba. Mtu angaliweza kusema: “Ni shaba tu.” Lakini wale waliokataa walijua kwamba si shaba tu, na walilipa kwa damu. Na wale waliokanyaga huku wanatetemeka walijua vile vile. Tena, hata watawala wenyewe walijua. Kama sanamu ingalikuwa si kitu, kwa nini walijisumbua nayo zaidi ya miaka mia mbili? Sisi ambao tunawakumbuka mashahidi wale kwa heshima, tutawezaje kumwambia Mjapani kwamba sanamu ya mlima wake ni kitambaa tu?

Na tusiende mbali. Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Kinshasa mwaka 2023, vilichapwa vikwembe vyenye sura yake, na mama wengi walivivaa kwa furaha. Mtu akikichukua kikwembe kile akapangusia matope ya viatu, nani kati yetu atasema ni kitambaa tu? Basi sheria ile ya kuwatendea wengine kama tunavyotaka watutendee sisi haikomi kwenye mpaka wa nchi yetu wala wa dini yetu.

Yule wa pili anaogopa. Woga wake si wa kudharauliwa, maana unatoka katika uaminifu. Lakini achunguze vizuri anachoogopa. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayopewa sanamu haikai katika ubao na rangi, bali inapita mpaka kwa yule aliyechorwa. Fundisho hilo lina pande mbili. Kama heshima haikai katika rangi, ibada nayo haikai humo. Nguo haina mkono wa kumshika mtu moyo wake. Mtu ndiye anayetoa ibada, kwa akili na kwa mapenzi yake. Anayeutazama mlima mzuri na kusema ni mzuri hajamwabudu mtu. Amesema kweli tu.

Tena Eklezia ilikutana na shida ya namna hii Japani kwenyewe. Mwaka 1936 Roma iliwaruhusu wakatoliki wa nchi ile kushiriki katika sherehe fulani mbele ya mahekalu ya taifa, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa alama ya uraia na ya kupenda nchi. Wakati ule ulikuwa mgumu, na serikali ilikuwa kali. Lakini fikira iliyo ndani ya hukumu ile inatufaa: kitendo kile kile chaweza kuwa na maana mbalimbali, kwa kadiri ya nia ya mtendaji na kwa jinsi watu wanaomwona wanavyokielewa. Basi mkristu anaweza kuutundika Mlima Fuji kwa moyo mweupe. Mlima ni kiumbe. Ulikuwapo kabla mtu ye yote hajaupa jina.

Yule wa tatu ndiye mgumu kumjibu, kwa kuwa anaonekana kuitetea heshima. Tunamwelewa, hasa tukimfikiri fundi kama Itchiku Kubota. Huyo alizaliwa mwaka 1917. Alipokuwa kijana wa miaka 20 aliona katika jumba la makumbusho la Tokyo kipande cha nguo ya kale, iliyotiwa rangi kwa ufundi uitwao tsujigahana, ambao ulikuwa umepotea tangu karne nyingi. Akaazimu kuufufua. Vita vikamchukua, akawa mfungwa Siberia. Aliporudi alijaribu mwaka hata mwaka, akifunga, akishona, akichovya, akifungua, akianza tena. Alionyesha kazi yake kwa watu mara ya kwanza mwaka 1977, alipokuwa na miaka 60. Alitia rangi kimono nyingi zenye Mlima Fuji, wa asubuhi, wa jioni, wa theluji, na kimono hizo hazikuwa za kuvaa bali za kutundikwa na kutazamwa. Mwaka 1994 alifungua jumba la kuzionyesha kando ya ziwa Kawaguchi, karibu na mlima wenyewe. Alifariki mwaka 2003, na mfululizo wake mkubwa wa kimono 80 ulikuwa haujamalizika. Mbele ya kazi kama hiyo, kitambaa cha mashine chaonekana kweli kuwa aibu.

Lakini ngojeni kidogo. Sanamu za Hokusai, ambazo leo hutunzwa kama dhahabu, zilikuwa rahisi sana siku zile. Bei ya moja ilikaribia bei ya bakuli la tambi au mawili. Na vile vilima vidogo vya Edo vilijengwa na nani? Na watu wa kawaida, kwa ajili ya wasioweza safari. Kama urahisi ungaliua utakatifu, basi maskini asingalikuwa na kitu kitakatifu hata kimoja. Tufikiri na khanga. Katikati ya karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa khanga nyingi kwa ajili ya soko la Afrika ya Mashariki, zenye maneno ya Kiswahili, lugha isiyokuwa yao. Mashine haikuelewa neno hata moja. Lakini mama aliyeinunua na kumpa binti yake siku ya arusi alielewa, na neno lile likafika moyoni. Basi mashine haiwezi kuleta heshima, wala haiwezi kuiua. Heshima iko mahali pengine.

Mlango au ukuta?

Iko wapi basi? Nafikiri iko hapa: sanamu ya kitu kitakatifu ni kama mlango. Kazi ya mlango ni kumpitisha mtu. Hariri ile ya karne ya 16 ilimpitisha mtu kutoka nyumbani kwake mpaka mlimani. Kilima cha Edo kilimpitisha mgonjwa, kwa moyo wake tu, mpaka kileleni. Sanamu ikimpeleka mtu kwenye kitu chenyewe na kwa watu wanaokipenda, imetimiza kazi yake, hata ikiwa ya bei ndogo. Lakini sanamu ikikaa mahali pa kitu chenyewe, mtu akaridhika nayo asitake kujua zaidi, imekuwa ukuta, hata ikiwa ya hariri tupu.

Tuna mfano mchungu wa jambo hilo. Katika mji wa Fujikawaguchiko, chini ya mlima, pana duka moja ambalo Fuji huonekana juu ya paa lake. Picha ya mahali pale ilienea duniani kwa simu, na wageni wakaja kwa wingi ili nao waipige. Walivuka barabara bila kutazama magari, wakaacha takataka, wakasimamisha magari mahali pa watu, wakawasumbua majirani. Wenye mji wakachoka. Mwezi wa tano mwaka 2024 wakasimamisha wavu mweusi, wenye urefu wa meta 20 na kimo cha meta 2 na nusu, ili kuficha mlima. Wavu uliondolewa mwezi wa nane mwaka ule ule. Lakini fikirini jambo lenyewe. Karne nyingi watu wa Japani walitundika nguo ili kuuonyesha mlima kwa wasiouona. Sasa walitundika nguo nyeusi ili kuuficha kwa waliokuja kuutazama. Kwa nini? Kwa sababu wageni wale hawakuja kuuona mlima. Walikuja kutafuta sanamu waliyokwisha kuiona. Sanamu ilikuwa imekuwa bwana, na mlima umekuwa mtumishi wake.

Hapo ndipo dhambi ilipo, kama ni lazima tuitaje kwa jina hilo: kutaka uzuri wa kitu bila kumjali mwenye kitu. Haianzi barabarani mbele ya duka. Huanza ukutani mwa nyumba, siku mtu anaponunua asichotaka kukijua.

Kwa hiyo tunadaiwa nini?

Nasema tunadaiwa, na deni si zito. Kwanza, tujue jina na habari. Anayetundika mlima ajue unaitwaje na kwa nini unapendwa, ili mtoto akiuliza apate jibu, na mgeni kutoka Japani akiingia asione haya kwa ajili yetu. Pili, tuweke mahali panapostahili. Tusifanye zulia la kukanyagia wala kitambaa cha kupangusia kwa sanamu ambayo mwenzetu huinamisha kichwa mbele yake. Tatu, tusiseme maneno ya dhihaka juu ya ibada ya wengine, hata kama hatuishiriki. Nne, anayeweza kununua kazi ya mkono wa fundi ailipe kwa haki, asibishane naye mpaka amnyime chakula. Na asiyeweza aheshimu ile ya bei ndogo aliyo nayo.

Wajapani wenyewe wana desturi moja ambayo ni mwalimu mzuri. Katika chumba cha wageni cha nyumba za kale mna shubaka ukutani, iitwayo tokonoma, ambamo hutundikwa sanamu moja tu. Haiachwi humo sikuzote. Majira yakibadilika, au mgeni wa namna nyingine akija, huondolewa, hukunjwa, hutiwa sandukuni, na nyingine hutundikwa. Kwa nini? Kwa kuwa jicho lina uvivu. Kitu kilichokaa ukutani miaka kumi hakionekani tena. Kimekuwa sehemu ya ukuta.

Na hapa, ndugu wasomaji, swali linatugeukia sisi. Tumemwuliza mtu wa mbali kama anaujua mlima aliotundika. Yeye naye aweza kutuuliza habari za msalaba ulio juu ya mlango wetu, za rozari inayoning'inia katika motokaa, za medali iliyovaliwa shingoni pamoja na shanga za urembo. Je, vimebaki milango, au vimekwisha kuwa ukuta? Mara ya mwisho tulivitazama lini, kutazama kweli? Asiyejua tena kutazama kitakatifu chake hawezi kuheshimu cha jirani yake. Na mtu akijifunza heshima mbele ya kitu cha jirani, mara nyingi hurudi nyumbani na kukiona chake upya.

Basi atakayetundika Mlima Fuji na autundike, bila woga na bila dharau. Lakini mara moja moja asimame mbele yake, autazame, na awakumbuke wale waliovaa nguo nyeupe na kuupanda usiku kucha ili wamwone jua likitoka.